Masale Niliyoyapanda Chini ya Barabara ya Juu

Arusha, upande wa Themi

Dada yangu Somoe,

Shikamoo dada. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, makoti mawili mwilini, na mkono unaoandika ni mzima kabisa, kwa hiyo ujue mwenye mkono naye ni mzima. Goti lako je? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ilifika, au alijichua yeye? Mikorosho mmeshaipulizia salfa, au bado mnategeana na majirani nani aanze? Na yule mbuzi mwenye pembe moja bado anaingia jikoni? Nijibu yote, usiniandikie tu "hatujambo", maana hata mtu aliyelazwa wodini ukimuuliza anasema hajambo.

Zuhura mpwa wangu, wewe unayemsomea mama, soma polepole na usiruke mistari. Najua unaruka. Mimi nilipokuwa darasa la tano nilisoma gazeti zima mbele ya mkaguzi, kuanzia jina la gazeti mpaka matangazo ya vifo, mkaguzi akavua miwani akasema huyu mtoto mwacheni aende, hakuna tena cha kumfundisha. Ndiyo sababu niliacha shule. Mama yako hapendi kuisimulia hivyo, lakini yeye siku ile hakuwepo.

Simu nimepiga nikachoka, naambiwa hampatikani, mtakuwa mmeacha tena kuchaji. Hata hivyo habari hii haienei kwenye simu. Inataka karatasi.

Kwanza baridi. Asubuhi ukifungua mdomo unatoa moshi kama lori bovu. Mlima Meru uko hapo hapo juu ya vichwa vyetu, na ukijifunika wingu ujue leo plasta haikauki. Juzi nilimwaga maji ya kunawia nikayasikia yanagonga chini kama kokoto. Chakula ni ndizi kwa nyama, wanaita machalari. Nimeyazoea mpaka wenyeji wananishangaa, lakini nikiota naota ming'oko, viazi vya porini vya kwetu Masasi. Na wote hapa wananiita Mmakonde. Nimewaeleza kwamba mimi ni Mmakua mpaka sauti imenikauka. Wanaitika, "Sawa Mmakonde, tumekuelewa." Kazini nashukuru wananiita Mjomba, hapo sina ubishi, maana mjomba ndiye mimi.

Sasa kazi. Huku Themi kuna barabara inayopita juu, imebebwa na nguzo za zege nene kiasi kwamba mimi na wenzangu tukishikana mikono kuizunguka moja bado panabaki mahali pa mtu na mkewe. Magari yanapita hewani, na chini pamebaki uwazi mrefu kama ukumbi usio na kuta. Tulipofika, dada, pale palikuwa hapatazamiki. Matairi mabovu, tope la mwaka mzima, mbwa wasio na mwenyewe, walevi wamelala wamefunikwa maboksi, na harufu ambayo ukiivuta asubuhi unakwenda nayo mpaka kitandani. Katika kona moja tu palikuwa pasafi. Ilikuwa kona ya akina mama wauza ndizi na maziwa, Wameru wa huko juu mlimani. Walikuwa wanapafagia kabla hawajapanga mikungu, wanapafagia tena wakiondoka.

Chuo kikuu kikaomba eneo lile kijenge. Si madarasa ya wanafunzi peke yao, hapana. Majengo ya chuo na ya watu wa mtaani kwa pamoja: ukumbi wa mikutano, chumba cha kusomea ambacho mtu yeyote anaingia hata kama hana kitambulisho, karakana ya useremala, na mbele yake safu ya vizimba na jiko kwa ajili ya wale wale akina mama. Mwenye wazo ni mwalimu wa chuo anayefundisha kuchora majengo, Dokta Koku, mwanamke wa Bukoba, mwembamba, anatembea kama anakimbizwa. Mimi ndiye mkono wake wa kulia. Ukiuliza watasema kuna injinia, kuna mkandarasi, kuna nani na nani. Waulize pia nani alikuwa akiitwa zege likigoma.

Akina mama waliombwa wapishe ujenzi. Hapo ndipo shida ilipoanzia, dada, kwa sababu wale mama walishaondolewa mara nyingi maishani mwao. Waliondolewa stendi, waliondolewa kando ya soko, kila mara wakiambiwa mtarudi, na hawakurudishwa. Msemaji wao ni Mama Eliamani, mjane wa makamo yangu, mkubwa wa umbo na mdogo wa maneno. Dokta Koku alisimama mbele yao akawaambia, "Mkirudi mtakuta vizimba vyenu. Nawaahidi mimi." Mama Eliamani akamtazama, akafunga kanga, akasema, "Haya. Tutaona." Wakabeba mikungu yao.

Upande mwingine alikuwepo afisa miliki, yaani bwana wa chuo anayesimamia majengo. Huyu tangu mwanzo alikuwa anataka vizimba viondolewe kwenye mchoro, pale mbele pawe maegesho ya magari. Alikuwa akipita anasema, "Hao mama hawatarudi, Dokta. Wameshapata pengine. Siku ya ufunguzi kizimba kikiwa kitupu nafyeka, napaki magari." Na ndani ya chuo wakakubaliana hivyo, kwamba Jumamosi ya ufunguzi isipowakuta akina mama ndani, nafasi yao imekwenda. Kwa hiyo uelewe, dada, kilichokuwa kinashindaniwa ni kile tu: wale mama waingie kwao, au waondolewe tena na safari hii iwe ya mwisho.

Tukajenga. Shida ya kujenga chini ya barabara ni mtikisiko. Lori likipita juu, ukuta chini unacheza. Tuliacha nafasi kati ya mapaa yetu na barabara, tukasimamisha kuta zenyewe bila kugusa nguzo hata kwa kucha. Wataalamu watakwambia waliipiga hesabu kwenye kompyuta. Mimi niliweka kiganja kwenye nguzo nikawaambia, hii inatetemeka kama ng'ombe mwenye inzi, msiiguse, na wote wakaondoa mikono. Siku hizi masikio yangu yamezoea mpaka lori likipita juu nakwambia limebeba saruji au limebeba mbuzi, na kama ni mbuzi, nakwambia wangapi wana mimba. Loishiye alibisha siku moja, tukalifuata lori mpaka kwenye taa. Sikukosea.

Loishiye ni fundi mwenzangu, Mwarusha, mrefu kama ngazi. Ni kijana wa watu, tatizo lake anacheka mambo ambayo hayachekeshi. Kumbuka jina lake, maana sasa hivi anaondoka.

Kazi ilipofika mwisho, mafundi wengi waliruhusiwa, na Loishiye akaenda kwao Terrat kuchanjisha ng'ombe. Nikabaki mimi na mlinzi, naye ni mtu wa Tabora, mgeni kama mimi. Dokta Koku akaja akasimama mbele ya vizimba akaniambia, "Mjomba, hapa mbele pana ukali. Saruji tupu. Nataka safu ya kijani iliyonyooka, kitu kinachovumilia kivuli. Utajua mwenyewe."

Utajua mwenyewe! Dokta mzima ananiambia mimi hivyo. Nililala nikiwaza majani.

Jumapili ile Mama Eliamani alikuwa amenialika kwake. Tangu wakati wa msingi alikuwa akija kuchungulia kazi inavyoendelea, na kila akija ananiletea chakula kwenye kontena, anasema eti mtu asiye na mke akijenga jengo linapinda. Nikashuka Makumira, nikapanda kwa miguu kati ya migomba na kahawa. Dada, ungepaona! Udongo mweusi, maji yanapita kwenye mifereji yakijisemea yenyewe, kila nyumba imejificha kwenye migomba yake. Yeye ni Mlutheri, kwaya kila Jumapili, lakini kuku wangu hakumgusa. Alikwenda kumwita jirani Mwislamu aje achinje, na jirani akabaki kula, na mkewe pia, ikawa kama sherehe. Nilikula mpaka nikalegeza mkanda. Waliniomba simulizi, nikawapa ile ya simba wa Lukuledi niliyemfukuza kwa pima maji. Jirani akauliza, "Na simba alijuaje kwamba ile ni pima maji?" Mama Eliamani akamjibu, "Mwache mgeni amalize simba wake."

Wakati wa kushuka ndipo nikaona. Kando ya mfereji, chini ya kivuli kizito kabisa, mmea umesimama wima, majani marefu yanang'aa kama yamepakwa mafuta, wala hauna habari na jua. Nikajisemea, huyu ndiye mtu wetu wa chini ya barabara. Nikatoa kisu. Mzee mmoja alikuwa anazibua mfereji pale, nikamwamkia, nikamwomba nikate matawi. Akaniuliza, "Unapeleka wapi?"

"Kule mjini, chini ya barabara ya juu. Napanda mbele ya vizimba vya akina mama."

Akaacha kuzibua. "Mpaka mwisho?"

"Mstari mzima, mzee. Kutoka nguzo hadi nguzo."

Akarudi kuzibua mfereji wake. "Haya. Kama mmeshakubaliana," akasema.

Mimi nikajua amesifu mpango. Nikakata mzigo mzima, nikaubeba kichwani mpaka barabara ya lami. Kesho yake nikafunga kamba, nikachimba, nikapanda. Ule mstari, dada, hata rula ingeona haya. Dokta Koku alipiga picha. Afisa miliki mwenyewe alisimama akasema, "Safi," na yule bwana hasemi safi hata akioga.

Siku ya kuingia ikafika. Akina mama wakaja asubuhi, wote pamoja, wamevaa vitenge vya sare, mikungu kichwani, ndoo za maziwa, mmoja kabeba mpaka picha ya kutundika ukutani. Wanaongea, wanacheka, nawasikia kutoka mbali. Nikasimama mlangoni nimechana nywele. Walipokaribia, waliokuwa mbele wakasimama. Wa nyuma wakawagonga, nao wakasimama. Wanatazama chini, kwenye safu yangu. Mmoja akasema neno kwa Kimeru, taratibu, kama mtu anavyoongea kwenye nyumba ya msiba.

Nikaita, "Karibuni, mama zangu! Pitieni hapo katikati, vukeni tu!"

Hakuvuka mtu. Mama Eliamani akanitazama mimi, akaitazama safu, halafu akanitazama tena, na macho yale, dada, ni kama ninyi mlivyonitazama siku niliyowaaga stendi ya Masasi. "Tumeona, baba," akasema. "Tumeelewa."

Wakageuka. Mikungu yote ikageuka, ikapanda barabara, ikapotea. Yule mlinzi akasema labda wamesahau kitu. Na mimi nikasema ndiyo, wamesahau kitu.

Siku hiyo hakurudi mtu. Iliyofuata vilevile. Dokta Koku anapiga simu, hazipokelewi. Afisa miliki akaja na mtu wa kupima, wanavuta futi pale mbele, "gari moja hapa, jingine hapa." Nilimwomba mtu wa kupima anitolee mguu wake kwenye bustani yangu. Chakula kwenye kontena hakikuja. Sitaki kukudanganya, dada, ile ndiyo iliniuma kuliko vyote, na si kwa sababu ya njaa.

Alhamisi Loishiye akarudi kutoka Terrat. Namwona anakuja na fimbo begani, anapiga mluzi. Akafika kwenye safu, mluzi ukakatika. Akasimama upande wake, mimi upande wangu.

"Ero, Mjomba. Nani amekufa hapa?"

"Hajafa mtu."

"Basi mmewekeana mpaka na nani?"

"Mpaka gani? Hayo ni maua."

Nilitegemea acheke. Hakucheka, na hapo nikaogopa. Akachuchumaa, akanieleza kama mtu anavyomweleza mtoto. Mmea ule ni masale. Kwa Wameru, na kwa majirani zao Wachaga, masale hayapandwi kwa urembo. Hupandwa kwenye mpaka wa shamba, na mpaka ukishawekwa masale umekwisha, hauvukwi wala hausogezwi. Hupandwa kwenye kaburi la mkubwa wa nyumba. Mtu akiyakuta yamepandwa mbele yake, mbele ya mahali alipoambiwa ni pake, hana haja ya kusomewa tangazo.

"Sisi Waarusha kwetu kitu cha kuheshimiwa namna hiyo ni nyasi," akasema Loishiye. "Lakini hata mtoto wa kwetu masale anayajua. Wewe umewaandikia wale mama, kwa herufi kubwa, kwamba wasikanyage hapa maisha yao yote. Tena umeandika vizuri, mstari umenyooka!" Hapo sasa akacheka, akakaa chini kabisa.

Dada, mimi sifanyi mambo madogo. Hata nikikosea nakosea kutoka nguzo hadi nguzo. Nilishika jembe ning'oe yote palepale. Loishiye akanirukia mkono. "Usiguse! Ukiyang'oa peke yako umeongeza. Kung'oa masale ya mpaka ni kutangaza vita. Nenda kawaone kwanza."

"Niende na nini?"

"Na hayohayo. Jani moja la masale unalifunga fundo, unalibeba kwa yule uliyemkosea. Akilipokea, amekusamehe. Wenyewe wanasema ni vigumu kulikataa."

Nilipanda mlima jioni ile ile na jani langu limefungwa fundo, nimelishika kwa mikono miwili kama yai. Njiani watu walikuwa wakiliona wanatoka njiani wananipisha. Mheshimiwa mbunge hapishwi vile. Mama Eliamani alikuwa anamenya ndizi nje. Akaliona jani kabla hajaniona mimi. Akaweka kisu chini.

Nikamweleza yote: Dokta, kivuli, mfereji, yule mzee, kamba. Sikuongeza hata simba mmoja. Nilipofika kwenye mzee wa mfereji na ile "kama mmeshakubaliana", mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka, mwanamke wa watu, anacheka hadi machozi, anajipangusa na kiganja chenye utomvu wa ndizi.

"Ewe Mmakonde," akasema, "hata Shetani mwenyewe angekuuliza kwanza."

"Mimi Mmakua."

"Leta jani." Akalipokea. Halafu uso ukarudi mahali pake. "Wewe nimekusamehe, baba. Lakini wewe si mwenye ardhi. Wenzangu wanasema fundi hapandi mpaka bila kutumwa, na mimi siwezi kuwaambia warudi kwa neno lako. Mara ngapi tumerudishwa kwa maneno? Mwenye chuo ndiye alete jani. Mwenyewe, kwa miguu yake. Akija tutajua tunarudi kwetu. Asipokuja, hatuna ugomvi naye, tutauza ndizi pengine."

Ijumaa asubuhi nilimngoja Dokta Koku mlangoni kwake. Nilipomwambia alicheka kidogo, cheko la watu wenye haraka. "Mjomba, kesho ni ufunguzi. Nina kikao saa hii na kingine baadaye. Siwezi kuwapigia simu wakaelewa kwamba ni bahati mbaya?"

"Hawapokei."

"Basi tung'oe hayo majani, wakija kesho wakute pako wazi."

Hapo, dada, ungenisikia, ungejua kwamba mkaguzi yule hakukosea. Nilimwambia, "Dokta, hebu fikiri mtu afunge mlango wa mama yako kule Bukoba, msumari kwa msumari, halafu asubuhi aufungue kimyakimya bila kumwambia kitu. Mama ataingia? Ataingia siku hiyo, lakini atalala na viatu. Wewe umejenga nyumba nzuri kuliko zote nilizowahi kujenga, na mimi nimejenga mia. Unataka wakae humo na viatu?"

Akavitazama viatu vyake mwenyewe, vile vya kisigino. Halafu akafungua kabati akatoa raba. "Hilo jani linafungwaje?" akauliza.

Akina mama walikuwa wamekusanyika nyumbani kwa Mama Eliamani, maana habari ilishapanda mlima kabla yetu. Dokta alifika anahema, raba zote tope. Akasimama katikati yao na jani lake. Alikuwa ameandaa maneno, nilimsikia njiani akiyarudiarudia, lakini alipofika yote yalimtoka. Akasema tu, "Sikujua. Lakini mimi ndiye niliyewaahidi, kwa hiyo mpaka ule ni wangu. Naombeni."

Mama mmoja mfupi mwenye sauti ya tarumbeta akadakia, "Na yule bwana wa magari? Yeye naye hakujua? Leo tunasamehe, kesho anatuegeshea Landikruza mlangoni!"

Wakaangua kicheko, lakini kicheko cha watu wanaongojea jibu. Mimi nilikuwa nalo, lakini nilitahayari kidogo, nikakohoa. Mama Eliamani ndiye aliyesema. Alilipokea jani, akalishika pamoja na lile langu. "Masale tusiyang'oe kuyatupa," akasema. "Yameshapandwa, yameshapandwa. Tuyahamishe. Wote kwa pamoja, sisi na chuo, tuyapande upande wa nje, kule barabarani magari yanakotokea. Hapo mpaka ni wetu na wa chuo dhidi ya matairi. Huyo bwana akitaka kupaki, avuke." Alinitazama. Nakuapia, dada, ndilo jibu nililokuwa nalo mimi mdomoni. Loishiye anasema si kweli, lakini Loishiye hakuwepo ndani ya mdomo wangu.

Dokta akasema, "Nakubali. Hapo hapo, mbele yenu." Ikawa hivyo.

Jumamosi alfajiri tulikuwa pale wote. Wageni hawajafika, viti vimepangwa, afisa miliki amevaa suti. Akina mama wakaja na vitenge vyao, mikungu wakaiweka kando. Tukashika masale, mkono wa chuo na mkono wa mama kwenye kila shina, tukang'oa kwa pamoja. Dokta aling'oa pamoja na Mama Eliamani, wote wawili wakaanguka kitako, ikawa furaha. Afisa miliki aliuliza, "Na maegesho?" Mama wa tarumbeta akamkabidhi shina, akamwambia, "Shika hapo, baba, usidondoshe udongo." Na akashika. Suti na yote.

Tukayapanda upya kando ya barabara. Mimi nilikuwa nashika kamba, maana mstari ni mstari. Nilikuwa nimerudi kinyumenyume mpaka karibu na lami ili niuone ulivyonyooka. Lilibaki shimo moja la mwisho. Mama Eliamani alikuwa amepiga magoti na shina mkononi, anataka kulifukia. Akainua kichwa akaniona niko ng'ambo.

"Mjomba," akasema. Si Mmakonde. "Unasimama wapi huko? Ingia ndani, tunafunga."

Nikaacha kamba. Nikaingia. Akafukia shimo, akalishindilia kwa mkono, akainuka akajipangusa magoti, akaenda kupanga ndizi zake kwenye kizimba.

Vizimba vyote vimejaa, dada. Chumba cha kusomea wanafunzi na wapiga debe wanagombania viti. Karakana ipo mikononi mwangu, nafundisha vijana kupiga randa, chuo wameniita mwalimu msaidizi, ingawa msaidizi wameongeza wao. Ule mstari wa masale hakuna dereva wa Arusha aliyethubutu kuukanyaga. Wanapunguza mwendo wenyewe, wanaangalia, wanapita. Wageni kutoka mbali tu ndio hujaribu, na nikiwaona nawakimbilia kuwaeleza, maana mimi ndiye mwenyeji.

Sitarudi mwaka huu, dada yangu. Usikasirike. Nitakapokuja nitakuja na mgeni, mkubwa wa umbo na mdogo wa maneno, na wewe kama mkubwa wangu ndiye utakayempokea. Mwandalie ming'oko. Kuku mchinjie mwenyewe, yeye hana masharti. Nimeshamweleza kwamba kwetu mtoto ni wa upande wa mama na mjomba ndiye mwenye sauti. Alijibu, "Kwa sauti yako hiyo, naamini."

Msalimie shemeji, mumeo, mwambie nimesikia anavuta tena na nitamshughulikia. Msalimie shangazi wa msikitini anayeniombea, mwambie aongeze dua kidogo upande wa baridi. Wasalimie wapwa zangu wote, hasa mdogo anayejifunza useremala, aje huku nimpe randa. Na wewe Zuhura, wewe uliyekuwa unaruka mistari, soma tena kuanzia mwanzo, mama atakuwa amesinzia kwenye sehemu ya zege.

Nabaki hapa chini ya magari yanayopita, kwenye kivuli, ndani,

ndugu yako na mjomba wa wanao,

Selemani